Jozi Moja, Malori Mawili

Jette, Brussels, Jumapili mchana

Baba, shikamoo.

Mimi mwilini sijambo. Nyie hapo Uyole mnaendeleaje? Goti lako limekubali kupanda ngazi za kanisa, au bado unasikilizia ibada nje? Nimeandika barua kwa sababu nikipiga simu mama anaweka spika, nyumba nzima inasikia, na hili nataka ulisikie peke yako.

Kesho asubuhi nimeitwa ofisini kwa bosi. Tangu Alhamisi sijalala vizuri.

Ni hivi. Huku baridi ikiingia, lori halipandi barabara za milimani bila minyororo ya matairi. Unabeba jozi yako, na ukikuta kibao cha bluu chenye picha ya tairi lililovikwa mnyororo, unashuka kuvisha matairi ya nyuma yanayosukuma gari, angalau mawili, kushoto na kulia. Utingo hakuna. Unapiga magoti kwenye theluji mwenyewe mpaka vidole vinakufa ganzi. Wewe uliyeshusha lori mlima Kitonga miaka yote kwa gia na breki ungecheka. Mimi sikucheka.

Jumatano nilikuwa napeleka mtindi Italia. Kwenye mpando wa mlima nikamkuta Papa Ilunga, dereva mzee wa Lubumbashi anayeishi hapa hapa Brussels, tunafahamiana. Alikuwa amekwama tangu asubuhi, jozi yake ameisahau gereji. Gari la kuvuta haliwezi kufika mpaka barabara isafishwe, na dizeli yake inakaribia kuisha. Ikiisha, hata joto la kwenye kabini hakuna. Nikafanya kama ulivyokuwa unafanya wewe. Hukuwahi kumpita dereva aliyekwama. Ungempa jeki, tairi la akiba, hata maji yako ya kunywa. Nikavua mnyororo wangu wa kulia nikamvisha yeye. Mmoja wangu, mmoja wake. Nikajiona nimegawa vizuri kabisa.

Baba, nilikosea vibaya. Hata kilomita mbili hatukufika. Tairi la upande mmoja likishika na la pili likiteleza, gari linageuka. Trela langu likaanza kunijia ubavuni, nikaona ukingo wa barabara unasogea dirishani, na chini yake ni bonde tupu. Nilimwita mama. Wewe sikukuita, nisamehe. Lori likasimama lenyewe, mpaka leo sijui lilisimamaje.

Polisi walipofika, mkubwa wao aliniuliza mara mbili kama amenisikia vizuri: jozi moja, malori mawili? Wakatuandikia faini wote, wakatuweka kwenye maegesho mpaka kesho yake. Mtindi ukachelewa, bosi akajua kila kitu.

Sasa kesho ananiwekea karatasi mezani nisaini. Inasema sitampa mtu kifaa chochote cha gari, wala sitasimama njiani kumsaidia dereva mwingine bila ruhusa ya bosi. La kwanza ana haki, ningeweza kutuua wote wawili. Hilo la pili ndilo linalonitesa. Nisiposaini, mkataba hauongezwi, na kibali changu cha kuishi huku kimefungwa na huo mkataba. Naogopa kurudi mikono mitupu, baba. Naogopa na kusaini.

Msalimie sana mama, mwambie sweta lake nalivaa chini ya jaketi la kazi. Salamu kwa shangazi Yustina, fundi wetu wa nguo, na kwa mdogo wangu Atu; mwambie ualimu wake uishie darasani, asianze kunisahihishia barua. Anayekuletea barua hii anasafiri leo jioni, kwa hiyo naharakisha.

Kabla sijafunga. Papa Ilunga ametoka hapa sasa hivi na mke wake. Walipitia sokoni Midi, wakaniletea sombe, kisamvu cha kwao, kunishukuru. Nikamweleza habari ya karatasi. Akaniambia nisaini, kwa Kiswahili cha kwao: "Bon, mutoto wangu, sinya tu. Hata miye ningesinya."

Nikamuuliza, "Na nikikukuta tena pale kwenye mpando?"

Akafuta mikono taratibu, kidole kimoja kimoja. "Upite tu," akasema. Lakini hakunitazama, na mke wake akainuka akaenda kuosha sahani ambazo hazikuwa chafu.

Ukiisoma hii, baba, nitakuwa nimeshasaini. Nilitaka ulisikie kwangu mwenyewe.

Mwanao,
Lusajo