Vifaranga wa Jua

4 Februari

Mwanangu Mtundu,

Habari za huko? Kile kikohozi kimekuacha? Mimi mzima, ila magoti yananikumbusha umri.

Leo fundi umeme amepanda juu ya paa, akatembea kama paka, akasema paneli sita na betri moja zinaitosha mashine yangu ya kutotolesha vifaranga. Umeme wa hapa unaujua: unakuja kusalimia tu na kuondoka. Lakini wewe ndiye unayepima paneli za sola huko maabara. Niweke sasa au nisubiri? Usinijibu kwa maneno ya vitabuni.

Mama yako

21 Februari

Shikamoo mama,

Kikohozi kimeisha. Pole kwa magoti.

Subiri. Hapa tuna paneli mpya, nyembamba kama ganda la kitunguu, inayovuna jua zaidi kuliko hizo za fundi wako. Ukifunga za sasa utajuta mwakani. Mwaka mmoja tu, mama. Niamini.

Mwanao

16 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo, ila moyo mzito, ndiyo maana nimekawia kuandika.

Umeme ulikatika Jumanne asubuhi, ukarudi Alhamisi. Mayai mia mbili yalikuwa yamefika siku ya kumi na tisa. Nilipanga chupa za maji moto, nikaifunika mashine kwa mablanketi, mpaka koti la marehemu baba yako. Jumatano nikatega sikio. Mtundu, walikuwa wanalia ndani ya maganda! Hawajaiona dunia, na tayari wanaita. Nikawa nawajibu, mtu mzima mimi: "Nipo, nipo." Ilipofika jioni walikuwa wamenyamaza.

Sikulaumu. Lakini kimya kile siwezi kukisikia mara ya pili. Nimemwita fundi.

Mama yako

2 Juni

Shikamoo mama,

Pole sana. Natumaini unakula na unalala.

Kuna jambo nilikuficha. Ile paneli mpya ni yangu. Nimeihangaikia miaka sita, na nilitaka paa lake la kwanza liwe lako. Nikayatanguliza majivuno yangu mbele ya kazi yako. Na bado inachoka mapema mno: ikifika miezi minne nguvu yake inashuka nusu, na sijui kwa nini. Labda itapona mwakani, labda baada ya miaka kumi. Za fundi wako zitakutumikia miaka ishirini. Zifunge, mama. Nisamehe.

Mwanao

9 Agosti

Mwanangu,

U hali gani? Mimi wiki hii hata magoti nimeyasahau. Msamaha ulikwisha kuupata kabla sijafika mwisho wa barua yako; mama yako si jiwe.

Paneli za fundi ziko juu ya paa, na Jumamosi mayai mapya yalifika siku ya ishirini na moja. Saa tatu asubuhi umeme ukakatika mtaa mzima. Msumeno wa jirani yetu seremala ukanyamaza katikati ya ubao. Nilikimbia bandani na povu la sabuni mikononi. Taa ya mashine inawaka! Joto liko palepale! Saa sita yai la kwanza likapasuka, mdomo ukachungulia.

Seremala alikuja kwa kukosa kazi, vumbi la mbao kwenye kofia. Akauliza, "Anayewapa joto ni nani?"

Nikamwonyesha juu. Akavua kofia, akakaa chini.

Vifaranga mia moja sitini na watatu, Mtundu. Moto ulioko mbali vile, hata mwewe haufikii, umepita kwenye waya mwembamba kuliko kidole changu, ukamfikia kifaranga ndani ya ganda, mahali ambapo mikono yangu ilishindwa. Nimezaa, nimefuga maisha yangu yote, nikidhani nimeshaona mambo. Nilikaa pale mpaka jioni.

Mama yako

27 Agosti

Shikamoo mama,

Nafurahi magoti yamekupa likizo. Mimi ni mzima kabisa.

Barua yako nimeisoma kazini mara tatu. Miaka sita nimepima paneli chini ya taa, katika chumba kisicho na dirisha. Naweza kukutajia namba zote, lakini sijawahi kuona mwanga ukifanya kitu. Paneli yangu ilishuka nguvu tena jana, na nitaanza upya kesho. Leo saa saba nimetoka nje, nikasimama katikati ya uwanja, nikafumba macho, nikaacha jua linipige usoni.

Mlinzi akanifuata mbio. "Bosi, umepoteza kitu?"

Nilimshika mkono, nikamwambia asimame nami kidogo. Akasimama.

Mwanao