Chungu Kikubwa Hakiendi Hotelini

Shikamoo mama. Marahaba yako nimeisikia moyoni, kwa hiyo naendelea, maana nina hasira.

Ni kuhusu Elia, kitinda mimba wako. Tangu tukuzike amekuwa bwana sanaa. Amefungua banda njia ya Irente, kalijaza vyungu vyako, na kila kimoja kakibandika karatasi: Usiguse. Chungu, mama, kisiguswe! Wewe uliyekuwa ukikigonga kwa kidole na kutega sikio kwanza, ndipo umwambie mteja achukue au aache. Masizi yote kayasugua kwa stili waya, kisha kapaka vanishi.

Wageni wakija anawaeleza kwamba mistari ya shingoni ni milima na mizimu ya mababu. Ile uliyoichora kwa gunzi ili mkono wenye mafuta usiteleze. Halafu anajitapa eti alikuwa akikusaidia kuchoma. Yeye! Mwanamume gani alisogelea moto wa vyungu vyako, na ulikuwa mwiko? Ulimfukuza na kuni mkononi, akakimbilia kwa shangazi huku kamasi zinamtoka.

Hayo ningeyameza. Lakini wiki iliyopita nimeingia bandani nikakuta vyungu vyako vimetobolewa kitako kwa drili, vinaning'inia kichwa chini, ndani kuna taa. Nilikaa chini nikalia, mama. Nililia kuliko siku ya mazishi. Elia akanipa leso, akasema, "Dada, wewe huna jicho la sanaa."

Huenda sina. Njaa ya wanangu ninaiona vizuri.

Jana kaja na mwenye hoteli kuchukua kile chungu kikubwa, cha mwisho, wakakitundike hotelini, ulichonifinyangia nilipoolewa. Walikikuta motoni, makande yanatokota. Elia akaniamuru nimwage. Mbele ya mgeni! Nikaendelea kukoroga. Akaanza kunisimanga, mara nina ushamba, mara naharibu urithi wa kabila.

"Kitavunjika hapo," akasema.

"Ndiyo," nikamjibu. "Kaa ule au uende."

Mwenye hoteli alikaa. Elia alikwenda kumsubiri kwenye gari, kanuna kama bibi harusi.

Kesho nakwenda na binti yangu kuchimba udongo kule bondeni ulikonipeleka. Mikono yangu si yako, najua, na cha kwanza kitapasuka. Tutafinyanga kingine.

Lala salama, mama. Nakuahidi hiki chako hakitaning'inizwa popote. Kitavunjika siku moja, nami nitalia tena, lakini kitavunjika kikiwa na makande ndani.

Mwanao, Nauzia