Majani kwenye geti la nne

Fransi uko wapi? Nimekupigia mara tatu hupokei. Nimeharibu, yaani nimeharibu kabisa!

Unakumbuka ule mfereji wa zamani huku ukweni Nambis, wenye mageti saba yanayoshuka kilima kama ngazi? Leo mama mkwe aliingia chini ya geti la nne kuzoa tope.

Mimi napita, naona kicha cha majani mabichi kimefungwa juu ya geti. Nikakifungua nikampelekea ndama. Ndama, Fransi!

Kumbe huku majani yakifungwa kwenye geti maana yake kuna mtu ndani, usifungulie maji. Nani aliniambia? Sisi Nangwa tumekua na bomba!

Shemeji Tito akaja kwa zamu yake ya maji, hakuona majani, akafungua. Maji yalimbeba mama mpaka geti la tano. Wamemtoa yuko hai, goti limeumia vibaya.

Sasa wazee wamemkalisha Tito. Analia, "Hapakuwa na majani jamani, hapakuwa na majani." Hakuna anayemwamini. Na mimi nimesimama hapo hapo, nimenyamaza. NIMENYAMAZA!

Mama kajifunika blanketi, akasema, "Kama kweli kuna aliyeyatoa, asinywe tena maji ya mfereji huu."

Halafu akanigeukia, akanipa kikombe chake cha maji ya moto, yaliyotekwa mfereji huo huo. "Kunywa, mwanangu. Unatetemeka kuliko mimi."

Nakuandikia kwa mkono mmoja, Fransi. Kikombe kiko kwenye ule mwingine, bado kimejaa, na mama ananiangalia.