Kombe la Karatasi za Tanga

Jumatatu, 4 Juni 1906

Leo nimefukua chungu! Karatasi zangu za chuo cha Tanga zipo – tangu vita vilipoingia Songea ziko ardhini, na mchwa hawakuzigusa. Zinanuka udongo, basi. Nimezianika uani kwenye jamvi. Tabu, mke wangu, ananicheka: eti nimezikumbatia kuliko nilivyomkumbatia yeye tuliporudi kutoka porini.

Boma wanasema shule ya serikali itafunguliwa tena, nami nitafundisha maarifa ya viumbe. Vitabu vyote viliungua. Karatasi hizi ndizo shule.

Jumanne, 5 Juni

Njaa tupu. Mashamba yalichomwa, watu wanachimba mizizi. Karatasi mpya ya kunakilia hakuna, hata boma.

Alhamisi, 7 Juni

Jirani yetu Mwamvua amekuja mbio. Binti yake, Chiku, anaharisha na homa haishuki. Anataka kombe! Ukurasa wangu wa Homa ya Matumbo uoshwe kwenye sahani, mtoto anywe maji yake. Nikamwambia, hii si Kurani, ni masomo tu. Akasema shehe wetu alikufa vitani na misahafu yake iliungua, maandishi yaliyobaki mtaani ni yangu.

"Homa imeandikwa humo, Mwalimu, au haikuandikwa?"

Imeandikwa. Nikapandwa na hasira. Nikasema maji yametosha – Salum mumeo si alijipaka maji akaenda kwenye risasi? Akaondoka.

Maneno gani yale kumwambia mjane! Naona haya.

Ijumaa, 8 Juni

Baada ya swala nimekwenda kwao kuomba radhi. Chiku macho yameingia ndani. Ngozi ya tumbo ukiifinya hairudi. Maji ya kunywa wanachota dimbwini, ya kijani kabisa. Nikawaambia wachemshe. Wakachemsha – mtoto akafunga meno. Ameahidiwa kombe, anasubiri kombe.

Nikamwandikia maneno mapya juu ya sahani, nikayaosha mbele yake. Akageuza uso. Anataka ile karatasi iliyotoka kwenye chungu, ambayo vita vimeishindwa.

Tabu anasema, mtoto atakufa kwa kiu huku wewe unalinda karatasi. Nikamuuliza, na shule je? Nitafundisha nini?

Jumamosi, 9 Juni

Asubuhi nimechemsha maji mimi mwenyewe, yakachemka hasa. Nikaleta ukurasa. Kwanza nikausoma kwa sauti, taratibu, angalau masikio yabaki nao. "Maji ya kunywa yachemshwe." Mwamvua: "Amina." "Choo kichimbwe mbali na kisima." "Amina!" "Mikono ioshwe kabla ya kula." "Amina, chonde Mwalimu, endelea."

Kisha nikaulaza kwenye sahani. Wino wetu kule Tanga tuliupika kwa masizi na gundi ya mti, hauna sumu. Mistari ikatoka, maji yakawa meusi. Nimelia waziwazi, mwandiko wa ujana wangu ule.

Chiku amekunywa! Yote, mpaka akalamba ukingo wa sahani. Hakutapika.

Sasa anataka tena. Maji yaliyochemshwa yapo tele, lakini matupu hayataki kabisa. Mwamvua ananitazama, hathubutu kuomba. Tabu amekwenda nyumbani, amerudi na chungu kizima, amekiweka miguuni pangu. Nimetoa ukurasa wa Mapafu. Mwamvua amekaa vizuri, anasubiri nianze kusoma –