Niulize Mimi

Tarehe 3 Juni

Mdogo wangu mpenzi,

Habari za huko? Mimi mzima, ila miguu inalalamika kwa kukanyaga cherehani kutwa. Sare za shule haziishi.

Leo fundi viatu wa mlango wa pili ameniamkia, "Hongera, mama mkubwa." Nikamwuliza, mama mkubwa wa nani? Akashtuka, akainamia gundi yake. Kumbe aliambiwa na dereva wa basi, ambaye aliambiwa na shemeji. Basi mwanangu nimempata kwa fundi viatu, nami sinuni.

Ni wa kike au wa kiume? Ananyonya vizuri? Niandikie. Simu tuiache, tukipigiana wewe unalia, mimi nalia, na salio linaisha hatujasema neno. Dereva ataleta barua hii na kurudisha jibu.

Dada yako


Tarehe 5 Juni

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini miguu imepoa. Sisi huku nilitaka kuandika "wazima", nikafuta.

Nisamehe. Mama alinikataza. "Dada yako alimzika wake," alisema, "halafu wewe unampelekea habari za nepi? Utamtonesha kidonda." Nikatii. Na mimi pia niliogopa.

Ni wa kike. Ana paji la uso kama lako. Na hanyonyi vizuri, dada. Anakamata chuchu, anaachia, analia, nami nalia. Zote mbili zimechanika. Akifungua mdomo tu, nakunja vidole vya miguu kabla hajanigusa. Shemeji yako ameacha mabomba ya watu yanavuja, anakaa kutuchungulia mlangoni. Juzi alisema mtoto ana mdomo kama wa bosi wake, unafunguka kulalamika tu. Nilicheka, kisha nikamfukuza.

Kliniki wamempima, uzito umeshuka kuliko inavyotakiwa. Muuguzi ni mpole, ila foleni ni ndefu. Alinionyesha mara moja, akaitwa kwingine. Anataka tumrudishe wiki ijayo. Kama hajaongezeka, itabidi tumsaidie na maziwa ya kopo. Mama anasema labda sina maziwa, kwamba yeye alikuwa nayo mpaka ya kumwagika. Natamani sana kumnyonyesha, dada. Sijui nimwulize nani.

Mdogo wako


Tarehe 6 Juni

Mdogo wangu,

Pole, na pole tena. Mtoto umemwelezea vizuri hata nimemwona.

Niulize mimi. Mimi nilinyonyesha. Watu wamesahau. Mwanangu Kidole alipokufa walikuja wakatoa nguo zake, kitanda chake, hata beseni lake, na nadhani walidhani ninachokijua nacho kimetoka kwenye mfuko huohuo. Maziwa hayakuambiwa kuna msiba. Yaliendelea kuja, nikawa nabadilisha blauzi, na hakuna aliyeuliza. Simlaumu mama. Ananihurumia mpaka ananizunguka kama sufuria ya moto.

Kidole naye alianza vibaya, ndiyo maana najua. Unakumbuka kwa nini tulimwita hivyo: hakunyonya bila kushika kidole changu cha mwisho. Ukimnyima, anasusa.

Sasa sikiliza. Kaa uegemee, weka mto chini ya mkono, usimwinamie. Tumbo lake liguse tumbo lako. Asigeuze shingo kama mtu anayechungulia dirishani. Pua yake ielekee chuchu. Mguse mdomo nayo, kisha usubiri. Hapa ndipo tunapokosea wengi, tunamwahi. Subiri mpaka apanue mdomo kama anapiga mwayo, ndipo umlete yeye kwako, kidevu kitangulie, akamate na ule weusi, si ncha peke yake. Ikiuma baada ya mafunda ya kwanza, usivumilie. Nawa mikono, mwingizie kidole pembeni ya mdomo aachie, muanze upya.

Maziwa unayo. Kadiri anavyonyonya ndivyo yanavyokuja. Ila kliniki nenda hata kama mambo yamenyooka, na wakisema anahitaji kuongezewa, mwongezee. Hutakuwa umeshindwa kitu. Na kula.

Dada yako


Tarehe 8 Juni

Dada,

Shikamoo, na asante. Nimeisoma barua yako nimempakata, shemeji kaishika mbele yangu kama mwanakwaya. Upande wa kushoto amekamata. Nimemsikia akimeza, dada, nimemsikia kabisa. Kulia bado nauma meno.

Barua yako nzuri, lakini haina mikono. Najua ninaloomba ni kubwa. Njoo. Ukifika mlangoni ukashindwa, utageuza, na hakuna atakayekuuliza. Mama nimeshamwambia.

Mdogo wako


Tarehe 14 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Ulifika salama? Nyumba imepoa tangu uondoke.

Amepanda. Muuguzi alimweka kwenye mizani mara mbili, akatabasamu, akasema tuendelee hivihivi. Kopo halijafunguliwa. Kisha akauliza, "Nani alikuonyesha kumbana kwapani hivyo, upande wa kulia?" Nikasema dada yangu. "Ni muuguzi?" Nikasema hapana, ni Mama Kidole.

Mama alikuwa kando yangu. Nilimwona anashtuka kulisikia jina. Halafu akadakia, "Ndiye mkubwa wangu huyo. Kazi hii anaijua."

Sijakushukuru vizuri. Nilikuona ulivyosimama ukishika fremu ya mlango, nami nikajifanya natafuta nepi. Nilikuona ulivyomlaza, ukaacha kiganja chako chini ya kichwa chake hata baada ya kukamata. Sikusema kitu kwa sababu sikutaka ukiondoe.

Kwenye benchi la kliniki kuna mama wa mapacha, analia kama nilivyokuwa nalia. Nimwambie nini?

Mdogo wako


Tarehe 15 Juni

Mdogo wangu,

Nimefika salama. Ndani ya basi nililia, ila si kile kilio mama anachokiogopa. Blauzi yangu ilipata cheuo la mwanao begani. Sijaifua.

Wewe unanishukuru, na mimi sijui niweke wapi shukrani zangu. Tangu Kidole aondoke, wenye watoto wachanga huvuka barabara wakiniona, kwa wema tu. Wewe uliniwekea wako mikononi na kuniambia, "Fanya haraka, ana njaa." Sijaambiwa neno zuri kama hilo siku nyingi.

Huyo wa mapacha, mwambie asijilaumu. Kwanza asihangaike na wote kwa mkupuo, amzoeshe mmoja mmoja. Kila mmoja amwekee... Hapana, kwa maneno hataelewa. Mpe anwani yangu. Jumapili sishoni. Aje nao wote wawili. Nitampakata mmoja wakati mwenzake ananyonya.

Mama Kidole