Nani Ananiomba Msamaha

Jumatatu, 29 Januari

Fomu nimechukua! Mkono ulitetemeka kidogo kwenye saini, lakini nimechukua. Udiwani. Mimi, Spesioza, binti wa mkimbizi wa Kirundi aliyeingia Arusha na gunia moja la nguo. Baba angekuwepo angeenda tu kupiga viatu vyake rangi.

Diwani wetu alifariki Novemba, ndiyo maana tuna huu uchaguzi mdogo. Watu wa mtaa wamesema aliyewasumbua watu wa jiji miaka mitatu mpaka bomba la maji likafika, basi ndiye agombee. Elirehema, kijana wa mtaa, kajipa cheo cha meneja wa kampeni. Hakuna aliyemteua. Mmeru wa Kikwe, mdomo hauna breki.

Asubuhi nimekuta kitu getini. Majani ya sale, yale marefu wanayopanda Wachaga na Wameru mipakani. Shina fupi na majani yake, yamepigwa fundo, yamechomekwa kwenye kitasa. Mpiga kura wa kwanza huyo! Nimeyatia kwenye glasi ya maji mezani.

Alhamisi, 1 Februari

Jingine. Safari hii mlangoni kabisa, na geti lilikuwa na kufuli.

Jana jioni nilifagia uani. Mistari ya fagio iko vilevile. Hakuna unyayo. Nikasema basi limerushwa — lakini halikurushwa. Limeegemezwa kwenye mlango, fundo juu, kama mgeni anayesubiri kufunguliwa.

Nikaliweka pamoja na mwenzake. Glasi inapendeza, lazima niseme.

Jumapili, 4 Februari

Elirehema kaja baada ya ibada kupitia majina ya wadhamini. Nikampa maandazi. Akaiona glasi, akaacha kutafuna.

Nani kakupa? Nikamwambia, mashabiki. Hakucheka. Yule kijana anayecheka mpaka msibani!

Akanieleza. Sale lenye fundo si zawadi. Analileta aliyekukosea, anaomba msamaha. Ukitaka kukataa, unaliacha pale pale ulipolikuta. Ukiliingiza ndani, umesamehe. Hata kama amekuulia mtoto. Na hakuna kurudi nyuma.

"Na wewe dada umeyawekea na maji! Miaka arobaini uko hapa, hujui? Ah, lakini nyie…" Akaishia hapo.

Nyie! Nilimfokea. Nani alitufundisha? Baba hakuwa na shamba, hakuwa na mpaka wa kugombania na mtu. Sale kwangu ni uzio, basi.

Hasira ilipopoa ndipo swali lilipokuja. Hakuna aliyenikosea. Nimewaza mwaka mzima uliopita, hakuna. Sasa nimesamehe nini?

"Labda bado," Elirehema akasema.

Najuta kumuuliza.

Jumanne, 6 Februari

Nyumba kumi na tisa leo, kukusanya saini za wadhamini. Kila mkono niliopewa nimejiuliza moyoni: ni wewe? Wote wanatabasamu. Mzee mmoja nimemwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanishika kiganja muda mrefu. Nikatoka jasho.

Meshack, mshindani wangu, kavuka barabara makusudi kunisalimia. Kauliza afya yangu mara mbili. Afya yangu ina nini?

Na masale! Sikujua yako mengi hivi. Kila uzio, kila kona, yamesimama yananitazama. Nimepita nikihesabu yaliyokatwa nikajiona nimekuwa chizi.

Jioni kwa Mama Hedwiga, jirani. Mchaga wa Kibosho, miaka sabini na nane, ndiye aliyenilea maana mama yangu alifariki nikiwa mchanga. Alikuwa anachambua maharage. Nikamsimulia yote, nusu nacheka. Hakuuliza ni nani, hakuuliza lini.

"Mae," akaguna kwa Kichaga chake cha huruma, "mwanangu. Kusamehe ni kitu kizuri."

Akaendelea kutoa mawe, kwa kupapasa.

Ijumaa, 9 Februari

Yameota mizizi. Myeupe, myembamba, imezunguka chini ya glasi. Nimeibeba glasi mpaka getini nikayatupe, nikarudi nayo. Elirehema kasema hakuna kurudi nyuma. Mimi siamini mambo hayo! Lakini nilirudi nayo.

Elirehema amepiga simu mchana: watu wa Meshack wanapita wakisema mimi si raia, wataniwekea pingamizi. Waweke! Baba alipewa uraia mwaka themanini na mbili, karatasi ninayo. Mimi nimezaliwa themanini na tatu, hapa hapa Sekei, chumba cha nyuma. Mama Hedwiga ndiye aliyenipokea kwa mikono yake. Sikuzaliwa hospitali, wala kadi sikupewa, kwa hiyo cheti changu kilitolewa kwa kiapo chake. Mtu mwaminifu kuliko huyo hayupo kata nzima.

Nimeandika hivyo, kisha nimekitoa cheti kabatini nikakisoma tena.

Jumanne, 13 Februari

Nimeteuliwa! Majina mawili yamebandikwa ofisi ya kata, langu na la Meshack. Wanawake wa bomba wamepiga vigelegele mpaka msimamizi akatoka kuomba utulivu. Pingamizi mwisho kesho saa kumi jioni. Ikipita saa kumi, hakuna anayenigusa.

Nilipaswa kufurahi. Asubuhi, kabla sijatoka, sale la tatu lilikuwa juu ya meza. Ndani. Karibu na glasi. Mlango nilifunga mwenyewe, na nilikuta umefungwa.

Safari hii sikuliingiza mimi. Limeingizwa.

Funguo za pili, za geti na mlango, nilimpa mtu mmoja tu, tangu Baba azikwe, yule yule aliyenifundisha kufagia kinyumenyume bila kuacha unyayo. Siandiki jina. Nikiandika litakuwa kweli.

Jumatano ya Majivu, 14 Februari

Saa tisa na dakika ishirini. Naandika nimesimama jikoni. Mama Hedwiga yuko sebuleni. Nimemwambia napika chai.

Aliingia bila hodi, kwa ufunguo wake. Amevaa kitenge cha kanisani, majivu bado yako kwenye paji la uso. Nikamwambia shikamoo mama. Hakuitikia. Akakaa, akaitazama ile mizizi, kisha akaanza, taratibu, kwa sauti ileile ya kunituma dukani.

Kwamba ameungama kwa Padri. Kwamba hawezi kufa na kile kiapo. Baba alimwomba, naye alimhurumia.

Hakunipokea yeye. Mwaka ule wa themanini na tatu nilikuja nimeshikwa mkono na Baba, natembea, nina meno yote. "Mama yako sijawahi kumwona, mwanangu." Baba alikuwa kasafiri, karudi na mtoto. Hakusema alikonitoa. Mwaka mzima sikutamka neno. Kila jioni nilikuwa nasimama pale getini, naangalia barabara, na nikivutwa mkono nilikuwa mzito kama jiwe.

Sikumbuki! Hakuna kitu. Nimejaribu hapa kati ya jiko na kabati — hakuna uso, hakuna lugha. Nina miaka mingapi? Naogopa. Namwogopa huyo mtoto.

Nikamuuliza, sasa mama unataka nini? Akasema Meshack yuko ofisi ya kata na karatasi ya pingamizi, inayosema sikuzaliwa nchini. Walimsomea mara mbili, ni ya kweli. Inahitaji dole gumba lake tu, kabla ya saa kumi. Meshack alitaka kumpeleka kwa gari, akakataa. Hawezi kunizunguka, kasema. Anataka nimpeleke mimi. Macho yake hayaoni mawe ya njiani, nimshike mkono.

"Umeshanisamehe," akasema. "Uliyaingiza mwenyewe."

Wala hakulia. Amekaa ananisubiri kwa imani kabisa, pochi mapajani.

Ofisi ni dakika kumi kwa miguu. Kwa miguu yake, ishirini na tano.

Saa tisa na nusu. Ananiita: chai bado, mwanangu? Nimejibu bado mama, maziwa hayajachemka. Yalishachemka. Nampenda huyu mama kuliko mtu yeyote aliye hai, na mkono wangu hautetemeki hata kidogo.

Saa tisa na dakika thelathini na nne. Chai imechemka tena, inapanda. Nimeongeza maji ya baridi.