Mkutano wa Wenye Ndege Ndogo

Jumatatu, 8 Mei
Nimepima watoto mpaka saa sita. Ng'ombe wameingia tena kwenye uwanja wa ndege. Nimewatoa mwenyewe, gauni la kazi lote matope. Mvua haiachi. Barabara ya Kyela imekatika pale mtoni.

Saa saba Kapteni kaita kwenye redio. Mkutano wa mwaka wa wenye ndege ndogo ni wiki hii, Dar es Salaam. Shirika letu la dini limeshindwa kuendesha ndege ya wagonjwa, mafuta yanapanda kila kukicha. Kampuni binafsi zimeruhusiwa sasa, zimejaa. Anataka moja ikubali kutuhudumia. Anataka niseme mimi, muuguzi wa zahanati, siyo yeye rubani. Nimekubali upesi mno. Nilijisikia mtu mkubwa. Niandike ukweli.

Jumatano, 10 Mei
Mdogo wangu Bupe kaja kliniki. Mimba ya miezi minane. Miguu imevimba, presha imepanda kidogo. Nikamwambia alale hapa zahanati. Hataki. Anasema paa letu linavuja juu ya vitanda, na ni kweli.
"Dada, wewe nenda. Mwezi mzima bado."
Nimeandika kwenye kadi: apimwe tena Jumatatu. Angekuwa mgonjwa mwingine ningeandika: asiondoke.

Alhamisi, 11 Mei
Kapteni kanichukua asubuhi. Safari zote nilizopanda ndege hii nilikuwa nimeshika chupa ya dripu. Leo nimekaa mbele, mikono mitupu. Ziwa lote chini, ufuko wa Matema mstari mwembamba wa mchanga. Nimefurahi kama mtoto. Redio nimemwachia Gwakisa, mganga msaidizi.

Ijumaa, 12 Mei
Ukumbi uko karibu na uwanja wa ndege. Baridi ya mashine, nimetetemeka siku nzima. Wanaume wote na tai shingoni. Vitabu vya picha vya bure. Wanazungumzia watalii, wawindaji, wenye migodi. Sijasikia neno mgonjwa.

Nje ndege zimepangwa kwa maonyesho. Waandaaji waliomba na yetu. Kapteni akasita, ndege ya wagonjwa isifungiwe. Mimi ndiye niliyesema iwekwe, watu waione machela ndani. Wameiosha, wameizungushia kamba. Watu wanapanda, wanapiga picha, wanashuka.

Jumamosi, 13 Mei
Nilipewa dakika kumi, baada ya chakula cha mchana. Nusu ya viti vitupu. Nikawaeleza habari za mvua, mto, akina mama wanaosafirishwa Mbeya kupasuliwa. Walipiga makofi. Mzee mmoja mwenye kampuni akauliza, "Uwanja wenu una urefu gani, mama?" Nikamwambia. Akatikisa kichwa, kwa upole kabisa. "Bima haitakubali. Na abiria wa kulipa huko sidhani kama wapo." Basi. Wakamwita msemaji mwingine.

Mlangoni nikamkuta Kapteni na karatasi. Ujumbe wa redio kutoka kwa Gwakisa, wa saa mbili asubuhi. Ofisi ya shirika ilimtafuta Kapteni tangu muda huo. Bupe ana kifafa cha mimba. Leteni ndege.

Kuondoa kamba. Kumtafuta mwenye ndege iliyotuzibia njia. Kujaza mafuta. Ikafika saa kumi na nusu. Mpaka kwetu ni mwendo wa zaidi ya saa tatu, na uwanja wetu hauna taa. Kapteni akakaa chini karibu na gurudumu, kichwa mikononi. Sikulia. Nilimchukia kila mtu niliyemwona na kikombe cha chai.

Jumapili, 14 Mei
Tumeondoka alfajiri. Mawingu. Tukashuka Mbeya, tukangoja, tukaruka tena. Tumetua saa saba mchana. Siku zote watu hukimbilia ndege. Leo hakuna aliyekuja. Nikajua.

Jana alasiri Lusekelo, mume wa Bupe, na wanaume wengine walimbeba kwa machela mpaka mtoni. Maji yalikuwa yamefurika, hakuna mtumbwi uliothubutu. Amefia ukingoni. Mtoto tumboni.

Jumanne, 16 Mei
Tumezika. Wazee wamempa Kapteni mikono miwili, "ndaga, ndaga", wakimshukuru kwa kuja. Alishindwa kuwatazama. Mama hanilaumu. Kanishika bega, kasema, "Ulikwenda kutuombea ndege, mwanangu." Afadhali angenipiga. Kanisani niliinamisha kichwa tu. Sikuomba kitu.

Jumatatu, 22 Mei
Kapteni kwenye redio. Hakuna kampuni iliyokubali. Ndege inauzwa. Nilizima kabla hajamaliza.

Alhamisi, 25 Mei
Mama mjamzito, miguu imevimba. Nimemlaza. Kakataa, nikampigia kelele mpaka wagonjwa wakatoka nje kuangalia. Baadaye nikajifungia stoo ya dawa.

Alhamisi, 1 Juni
Lusekelo kaja. Akakaa kwenye benchi, akangoja zamu yake kama wengine. Alipoingia hakuketi.
"Shemeji, ile ndege ilikuwa imeharibika?"
Kijiji kizima kinaamini hivyo. Gwakisa ndiye aliyewaambia, kwa kunihurumia. Ningeweza kuitikia tu.
"Haikuharibika. Ilikuwa nzima. Iliwekwa kwenye maonyesho, na mimi ndiye niliyesema iwekwe."
Akaangalia dirishani. Nilisubiri chochote. Akasema mpunga umeiva, nusu bado uko shambani, hana wa kuvuna naye.

Nikafunga zahanati saa nane, nikaazima mundu kwa mama. Tumevuna mpaka jioni, yeye mstari wake, mimi wangu. Mvua haikunyesha leo.